Njia tatu katika bwawa moja: jinsi ninavyowapanga waogeleaji wadogo

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wanaoleta watoto kwenye klabu yetu hapa Dar es Salaam ni hili: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 11, mbona umemweka na watoto wa miaka 7?" Ni swali la haki, kwa kuwa mzazi amezoea shule, ambako umri na darasa hufuatana, na mtoto mwenyewe huona haya kusimama ukutani pamoja na wadogo zake. Jibu langu ni kwamba siwapangi watoto kwa umri, wala kwa kasi. Ninawapanga kwa namna wanavyopumua, katika njia tatu za bwawa zinazotenganishwa kwa kamba: ya kwanza ni ya wanaoanza, ya pili ya wa kati, na ya tatu ya walioendelea.

Siku ya kwanza ninamwomba mtoto afanye mambo matatu bila haraka: aelee chali kwa nusu dakika, ajisukume kutoka ukutani na kuteleza kifudifudi huku akitoa mapovu, kisha aogelee mita 25, yaani urefu mmoja wa bwawa letu, kwa mtindo huru. Saa siitazami. Ninatazama mdomo. Mtoto asiyetoa hewa akiwa ndani ya maji hulazimika kuitoa na kuvuta nyingine katika muda ule mfupi ambao mdomo uko nje, na kwa kuwa muda huo hautoshi, huinua kichwa ili auongeze. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu hushuka, na kuanzia hapo kila hatua inamgharimu nguvu maradufu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufika upande wa pili kabla ya wenzake wote, tena kwa pumzi moja, na wazazi wakampigia makofi. Kwangu bado ni wa njia ya kwanza.

Pwani yetu ina aina mbili za watoto wanaosema "najua kuogelea", na wote husema kweli. Wa kwanza alijifunzia baharini, Kigamboni au Msasani, akiwafuata kaka zake maji yanapojaa. Huyu haogopi kina, na akichoka hujilaza chali akapumzika. Lakini huogelea kichwa kikiwa nje, kwa sababu baharini ni lazima aone wimbi linalokuja, na chumvi imekuwa ikimbeba bila yeye kujua: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, ilhali ya maji yasiyo na chumvi ina takriban gramu 1,000. Akiingia bwawani msaada huo hupungua, miguu huzama, na mabega hufanya kazi ambayo ingepaswa kugawanywa mwili mzima. Wa pili alijifunzia katika bwawa la hoteli. Mikono yake ni mizuri kuitazama, lakini akifika pale ambapo miguu haigusi chini, husahau yote aliyofundishwa.

Nikiwapima hawa wawili kwa saa wanaweza kutoka sawa, ilhali mahitaji yao hayakutani popote. Wa baharini ninampa kazi ya kichwa: atazame mstari mweusi ulio chini ya bwawa, ageuze uso pembeni kupumua badala ya kuuinua mbele, na afanye hivyo kwa wiki kadhaa, huku nikimweleza wazi kwamba simnyang'anyi uogeleaji wake wa baharini bali ninamwongezea mwingine. Wa hotelini ninamrudisha kwenye kuelea, safari hii kwenye kina kirefu, nami nikiwa majini ubavuni mwake. Kazi hii ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu hofu haiondoki kwa maelezo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpandisha binti wa miaka 10 hadi njia ya tatu kwa sababu ya muda wake wa mita 25, uliokuwa bora kuliko wa wenzake wote. Nilijua kwamba aliumaliza urefu ule kwa kuvuta pumzi mara moja tu, nikajiambia kwamba kupumua kutakuja kwenyewe. Katika mita 100 za kwanza alifika katikati ya urefu wa pili, akameza maji, akashika kamba, na wenzake wakampita. Hakulia. Alitoka, akajifunga taulo, na hakurudi kwa miezi miwili. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na tangu siku hiyo simpandishi mtoto yeyote hadi aogelee mita 100 kwa utulivu, aguse ukuta, na aweze kunijibu swali kwa sentensi nzima bila kuhema katikati.

Kuwapanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwafundisha wote kwa wakati mmoja. Tunakodi bwawa kwa saa moja na nusu, na tuko wawili tu: mimi ukingoni, na msaidizi wangu ndani ya maji pamoja na njia ya kwanza. Zamani nilikuwa nikipanga kazi kwa umbali, na matokeo yake njia moja ilikuwa ikimaliza mapema na kuanza kurushiana maji huku nyingine ikiwa bado katikati. Sasa ninapanga kwa saa ya ukutani. Mzunguko mmoja ni sekunde 90 kwa kila mtu: njia ya tatu inaondoka kwanza na kuogelea mita 100, njia ya pili inaondoka baada ya sekunde 30 na kuogelea mita 50, na njia ya kwanza inaondoka baada ya sekunde 30 nyingine na kuogelea mita 25. Mizunguko 8 huchukua dakika 12, na katika muda huo walioendelea wamepata mita 800, wa kati 400 na wanaoanza 200. Faida kubwa ni kwamba ninapata nusu dakika ya kuitazama kila njia inapoondoka, na hakuna mtoto anayepita siku nzima bila kuitwa kwa jina lake.

Njia ya pili ndiyo yenye kusahihisha kwingi: mguu unaopiga mkasi katika mtindo wa chura, yaani miguu isiyokwenda sawa, au mkono mmoja unaotangulia kugusa ukuta katika mitindo ya chura na kipepeo, kosa ambalo kwenye mashindano humfanya mtoto aondolewe. Njia ya tatu ninaifundisha zaidi kazi ya ukutani, kwa kuwa kanuni zinamruhusu mwogeleaji wa mtindo huru, mgongo na kipepeo kwenda chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka, na watoto wengi huibuka mapema mno. Wakati wa Ramadhani wanaofunga ninawapunguzia umbali, nao hukaa zaidi kwenye mazoezi ya kuanza na kugeuka.

Jambo moja ninalikataza katika njia zote: kushindana kukaa chini ya maji. Mtoto akihema haraka haraka kabla ya kuzama, huipunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomlazimisha mtu kuvuta pumzi. Oksijeni inaweza kumwishia kabla hajahisi haja ya kupumua, akapoteza fahamu kimya kimya, bila kupunga mkono wala kuita.

Yule binti aliporudi, aliomba mwenyewe aanzie njia ya kwanza. Alifanya mapovu pamoja na watoto wa miaka 7, akawa anawahesabia kwa sauti. Mwezi wa nne tangu arudi aliogelea mita 100, akagusa ukuta, akavua miwani na kuniuliza, "Mwalimu, kuna mzunguko mwingine au tumemaliza?"