Je, wajua kwa nini godoro la inchi 8 linaweza kubonyea kabla ya lile la inchi 6?

Ukiingia duka la magodoro, swali la kwanza ni "la ngapi kwa ngapi?" na la pili ni "inchi ngapi?" Ukishajibu tano kwa sita, inchi 8, mazungumzo yanahamia kwenye bei na maua ya kitambaa. Uzito hautajwi kabisa, ilhali uzito ndio unaoamua kama baada ya mwaka utakuwa unalala kwenye godoro au kwenye shimo.

Chukua magodoro mawili ya tano kwa sita. La kwanza lina inchi 8, limetuna na linapendeza, lakini sponji yake ina kilo 9. La pili lina inchi 6 na sponji yake ni kilo 12. Sponji ni plastiki yenye vitundu vya hewa, na lile nene lina plastiki kidogo kuliko lile jembamba. Kilichojaa humo ni hewa, nayo hewa haina ubavu wa kumbeba mtu usiku kucha.

Sponji ya godoro hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili kuu, polioli na isosayaneti, pamoja na maji kidogo. Kemia yake ilianzia Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, katika maabara ya Otto Bayer na wenzake. Maji yakikutana na isosayaneti hutoka hewa ya ukaa, nayo huumua mchanganyiko huo kama hamira inavyoumua unga wa maandazi. Dakika chache tu, uji uliomiminwa umeshakuwa bonge kubwa. Bonge likipoa, hukatwa vipande vya inchi 4, 6, 8 au 10.

Sasa, unga uleule wa maandazi ukiuumua kupita kiasi unapata andazi kubwa lililo tupu ndani. Sponji nayo ni hivyohivyo. Ukiitazama kwa karibu utaona vitundu vingi, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na vijiti vyembamba vya plastiki. Ukilala, vijiti hupinda, ukiamka, hunyooka. Kazi hiyo hurudiwa kila usiku, na mahali penye nyonga, ambapo ndipo mwili unapolemea zaidi, vijiti vyembamba huchoka na kukatika kwanza. Ndiyo maana bonde la godoro huanzia katikati, wala si kichwani au miguuni.

Kiasi cha plastiki kilichomo hupimwa kwa densiti, yaani kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo ya sponji. Kwa makadirio ya kawaida, densiti ya 16 hadi 18 inafaa kitanda cha mgeni wa mara mojamoja au mtoto mdogo. Mtu mzima wa uzito wa wastani anayelalia godoro kila siku asishuke chini ya 23 hadi 25. Aliyepita kilo 85 au 90, au wawili wanaolala pamoja, watafute 28 hadi 32 na zaidi.

Je, utaijuaje densiti wakati lebo imeandikwa "HD" tu (yaani densiti kubwa) bila namba? Ipime mwenyewe. Unahitaji futi kamba na mizani ya kuning'iniza, ile ndogo ya kupimia mabegi ya safari. Kunja godoro, lizungushie kamba, linase kwenye ndoano na ulinyanyue lisiguse sakafu. Kama dukani kuna mizani ya kusimama, panda ukiwa umelikumbatia, kisha toa uzito wako.

Hesabu yake ni hii: zidisha upana kwa urefu, vyote kwa futi, kisha zidisha kwa unene wa inchi. Tano kwa sita inchi 8 ni 240. Halafu chukua kilo za sponji, zidisha kwa 424, ugawanye kwa hiyo 240. Namba ya 424 inatokana na ukweli kwamba mita moja ya ujazo inajazwa na vipande 424 hivi vya futi moja kwa futi moja, unene wa inchi moja.

Mfano: mizani imesema kilo 12. Toa uzito wa kitambaa. Kile chepesi cha kawaida kwa godoro la ukubwa huo hakifiki kilo moja, lakini kile kinene kilichoshonwa kwa mistari ya kubonyea kinaweza kufika kilo mbili. Tuseme cha godoro hili ni kilo moja, kwa hiyo sponji ni 11. Zidisha 11 kwa 424 upate 4,664, gawanya kwa 240: densiti ni 19 na kidogo. Hilo ni godoro la chumba cha wageni, hata likiandikwa nini kwa dhahabu. Likiwa na densiti ya 25 lingepaswa kuwa na kilo 14 za sponji bila kitambaa. Nne kwa sita inchi 6 kwa densiti hiyohiyo ni kilo 8 na nusu.

Pima unene kwa futi kamba pia, usiamini kilichoandikwa. Inchi 8 ya lebo mara nyingine ni 7 na robo, na hesabu yako itapotoka ukitumia 8. Pima katikati ya ubavu, si kwenye pindo la mshono.

Ukishakuwa na kilo, bei nayo inaanza kusema kweli. Tuseme godoro moja ni shilingi 180,000 na lina kilo 10. La pili, ukubwa uleule, ni 230,000 na lina kilo 14. La kwanza umenunua kila kilo kwa 18,000, la pili kwa 16,400 na ushei. Lile "la bei rahisi" ndilo ghali.

Kuna ujanja mmoja unaoweza kuidanganya mizani. Baadhi ya watengenezaji huchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito. Kilo zinapanda, nguvu haipandi. Kinyume chake, sponji inakuwa ngumu kama mkate wa juzi na hukatika upesi. Kwa hiyo omba kufungua zipu. Sugua sponji kwa kitambaa cheusi: vumbi jeupe likibaki, ujue kuna unga. Bana kipande kwa vidole viwili ukivute taratibu. Sponji nzuri hunyumbuka kabla ya kuchanika, iliyojazwa chokaa humeguka. Angalia pia kama ni kipande kimoja au vipande vilivyogundishwa. Sponji ya mabaki ya rangi nyingi yaliyosagwa na kubanwa pamoja si wizi. Ni ngumu, nzito, na densiti yake huwa mbali juu ya hizo nilizotaja, kwa hiyo usiilinganishe kwa hesabu hii. Kosa ni kuuziwa hiyo huku ukiambiwa ni kitu kingine. Na kama godoro halina zipu, muuzaji anayejiamini huwa na kipande cha mfano cha kukuonyesha.

Watu wengi hupima kwa kubonyeza kwa ngumi na kusema "hili gumu, litadumu". Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Ugumu na densiti ni vitu viwili tofauti: kiwandani ugumu hubadilishwa kwa kurekebisha kemikali, hivyo sponji nyepesi inaweza kutoka ikiwa ngumu kama ubao. Dukani inakuvutia, lakini baada ya miezi michache vijiti vyake vyembamba vimekatika na ugumu umekwenda navyo. Badala ya ngumi, weka goti na ulemee kwa uzito wako wote, ukihesabu hadi 30, kisha ondoka utazame. Alama ya goti ikikawia kupotea, liache hapohapo. (Zile sponji zinazokumbuka umbo la mwili huinuka polepole kwa makusudi, kipimo hiki si chao.)

Neno "othopediki" (la kutunza mgongo), ambalo mara nyingi hubandikwa kwenye magodoro magumu, nalo lisikutie haraka. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliofanywa kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliopewa magodoro ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa magumu. Kwa hiyo wa mgongo asikimbilie jiwe.

Godoro zuri nalo huuawa nyumbani. Muuaji wa kwanza ni chaga. Nafasi kati ya ubao na ubao ikizidi inchi 3, sponji hujipenyeza humo na kukatika kwa chini, usipopaona. Kabla ya kumlaumu muuzaji, shusha godoro sakafuni. Bonde likitoweka, tatizo ni kitanda: ongeza mbao au weka ubao wa plaiwudi wenye matundu ya kupitisha hewa.

Muuaji wa pili ni unyevu na joto. Pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, sponji huchoka mapema kuliko kwenye baridi ya Njombe kwa sababu ya hivyo viwili. Wanaoacha nailoni ya dukani "lisichafuke" ndio wanaoharibu zaidi: jasho linakwama, ukungu unaota, harufu haitoki tena. Ivue siku ya kwanza. Harufu ya kemikali ya godoro jipya huisha kwa kuliegemeza ukutani siku mbili tatu, madirisha wazi. Lililofika limekunjwa na kubanwa kama chapati lipe siku nzima au mbili lijae kabla ya kulilalia.

Mtoto akikojoa, usilimwagie ndoo ya maji. Kandamiza kwa taulo kavu mpaka isinyonye tena, futa kwa maji kidogo yenye sabuni, kandamiza tena, kisha lisimamishe kivulini penye upepo. Jua kali la saa nyingi hufanya sponji iwe njano na uso wake umeguke kama makapi. Ile njano peke yake si dalili ya ubovu, ni mwanga na hewa tu.

Kila baada ya miezi mitatu geuza kichwa kiwe miguuni. Lenye pande mbili zinazofanana lipindue pia. Lenye tabaka laini juu tu usilipindue.

Kujua kama limekwisha, vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo juu ya sehemu ya nyonga, upime kwa rula pengo lililo chini ya uzi. Likizidi inchi moja na nusu bila mtu juu yake, halitarudi. Godoro la usufi la zamani lilikuwa na bahati: fundi alilifumua, akaanika usufi, akaupiga na kuujaza upya. Sponji iliyokatika haifumuliwi. Ila ukiipasua utakuta sehemu ya kichwani, ya miguuni na ya kingo bado zinadunda. Hizo kata vipande vya viti na mito ya baraza, na lile la katikati litupe.