Nyuzi 3 za Kusoma na Nyuzi 3 za Kubadilika

Kazi yangu ni kusawazisha vipimajoto, na mara nyingi ninachokikuta si kifaa kibovu bali kanuni sahihi iliyotumiwa mahali pasipo pake. Niliwahi kuitwa kukagua jokofu la chanjo ambalo king'ora chake hakikulia, ingawa halijoto ndani yake ilikuwa imefika nyuzi 12 za Selsiasi na chanjo zile zilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa.

Kifaa hicho kilipangwa kwa Farenhaiti, skeli nyingine ya halijoto. Halijoto iliyokusudiwa, nyuzi 5 za Selsiasi, ilikuwa imeingizwa kama 41, na hapo hapakuwa na kosa. Sehemu ya pili ilidai kiasi ambacho halijoto ingeruhusiwa kupanda au kushuka kabla ya king'ora kulia. Kiasi hicho kilikuwa nyuzi 3 za Selsiasi, na aliyekipanga kifaa alitumia kanuni ya kugeuza usomaji wa Selsiasi kuwa Farenhaiti: alizidisha 3 kwa 1.8, akajumlisha 32, akaandika 37.4. Kwa hiyo jokofu lingeweza kupanda hadi Farenhaiti 78.4, yaani karibu nyuzi 26 za Selsiasi, au kushuka hadi karibu 16 chini ya sifuri, bila mtu yeyote kuarifiwa. Jibu lililotakiwa lilikuwa 5.4.

Ili kuona 32 inatoka wapi, tukumbuke kwamba maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi na 32 ya Farenhaiti, na huchemka, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, kwenye 100 na 212. Umbali uleule una hatua 100 upande mmoja na 180 upande wa pili, ndiyo maana tunazidisha kwa 1.8. Ile 32 haihusu ukubwa wa hatua. Inahusu tu mahali skeli ilipoanzia, kwa kuwa Daniel Gabriel Fahrenheit aliiweka sifuri yake kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. Unapotoa usomaji mmoja kwenye mwingine, 32 zote mbili hufutana: nyuzi 8 za Selsiasi ni Farenhaiti 46.4, nyuzi 5 ni 41, na tofauti yake ni 5.4.

Badiliko lenyewe hupatikana kwa kutoa halijoto ya mwanzo kwenye ya mwisho, kwa mpangilio huo huo. Kitu kilichotoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi nyuzi 4 juu yake kimepanda 22, wala si 14, kwani kutoa namba hasi ni kujumlisha. (Skeli ambayo Anders Celsius aliipendekeza mwaka 1742 ilikuwa kinyume, 0 ikiwa kuchemka na 100 kuganda, hivyo kupasha maji joto kungetupa badiliko hasi. Nashukuru iligeuzwa.)

Kelvini, kizio kingine cha halijoto, nayo ina mtego wa aina hiyohiyo, na madhara yake ni makubwa zaidi kwenye hesabu za nishati. Hatua ya kelvini moja ni sawa na hatua ya nyuzi moja ya Selsiasi, ila usomaji wa Selsiasi huongezewa 273.15 ili kupata kelvini. Tuseme tunapasha kilo 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 80. Kila kilo huhitaji takribani jouli 4,186 (jouli ni kizio cha nishati) ili kupanda hatua moja, kwa hiyo 2 mara 4,186 mara 55 ni jouli 460,460. Anayeigeuza ile 55 kuwa kelvini 328.15 hupata zaidi ya jouli milioni 2.7, karibu mara sita ya nishati inayohitajika, na hesabu yake yote huonekana nadhifu kwenye karatasi.

Uwiano nao hudai kelvini bila mjadala: kutoka nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi halijoto haijaongezeka maradufu, bali imetoka kelvini 283.15 hadi 293.15, ongezeko la asilimia 3.5 hivi.

Siku hizi, katika kila ripoti ninayoiandika, usomaji huuandika kwa nyuzi za Selsiasi na tofauti kwa kelvini. Jokofu lile sasa lina kibandiko kinachosema: halijoto nyuzi 5 za Selsiasi, mkengeuko usiozidi kelvini 3, sawa na hatua 5.4 za Farenhaiti.