Kufufua dansi za kale maana yake nini?

Kufufua dansi ni kuirudisha miguuni dansi ambayo wachezaji wake wa mwisho walikufa bila kuwarithisha wengine. Kwa kawaida dansi hurithiwa kwa macho: mdogo humtazama mkubwa, naye akikua hutazamwa. Dansi nyingi zilizochezwa Ulaya wakati wa Renesansi, katika karne ya 15 na ya 16, zilikatika njiani. Kilichotufikia ni maandishi, na maandishi hayana magoti.

Kwa anayeanza, mlango mzuri ni Orchésographie, kitabu kilichochapwa Langres, Ufaransa, mwaka 1589. Mwandishi alijiita Thoinot Arbeau, jina alilolipata kwa kupangua herufi za jina lake halisi, Jehan Tabourot. Alikuwa kasisi, umri wake ukikaribia miaka 70, na anafundisha kwa kuzungumza na kijana aitwaye Capriol. Napenda sana alivyopanga kurasa: noti za muziki zinateremka kutoka juu hadi chini, na pembeni yake yameandikwa majina ya hatua, kila moja mahali pake.

Chukua branli sahili, dansi ya duara. Watu hushikana mikono wakaenda ubavuubavu. Mguu wa kushoto unatoka, wa kulia unaufuata, wa kushoto unatoka tena, kisha miguu inakutana. Halafu unarudi kulia, hatua moja tu na kukutanisha miguu. Kwa kuwa mwendo wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, duara zima huzunguka taratibu kuelekea kushoto. Hadi hapo hakuna fumbo.

Fumbo linaanza ukiuliza hatua iwe na urefu gani, goti likunjwe kiasi gani, na muziki uende kwa kasi ipi. Metronomu, kifaa cha kupimia kasi ya muziki, ilipata hataza mwaka 1815 tu, kwa hiyo neno “polepole” la karne ya 16 halina namba. Ndiyo maana vikundi viwili vinaweza kusoma ukurasa uleule na kucheza tofauti, bila yeyote kuwa mzembe.

Hapo ndipo mwili unapogeuka shahidi. Katika galiadi, dansi ya kurukaruka, mzunguko wa kawaida una mapigo sita: hatua nne za kurusha mguu, kuruka kwenye pigo la tano, na kutua la sita. Muziki ukikimbia mno, hupati nafasi ya kuruka. Ukikokota mno, utatua kabla ya wakati, kwa sababu hakuna awezaye kuning'inia hewani. Nguvu ya uvutano ni ileile ya mwaka 1589, na kwa kurukaruka tu kasi inajitokeza. Pia ijaribu ukiwa na mavazi ya namna ile, kiuno kimebanwa na upanga pembeni, maana mara moja utaona hatua zipi zilikuwa ndefu mno.

Pavani, ambayo ni matembezi ya heshima wawiliwawili, haina mruko wa kukuongoza. Ila Arbeau ameiwekea wimbo wa sauti nne, “Belle qui tiens ma vie”, pamoja na mdundo wa ngoma: pigo moja refu, mawili mafupi, tena na tena. Uimbe huku ukitembea. Pumzi ikikukatikia katikati ya mstari, ongeza kasi kidogo.