Je, wajua kwa nini profesa mashuhuri huenda asiwe msimamizi anayekufaa?

Wahitimu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojiandaa kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu huanza kwa kuuliza chuo kipi ni kizuri na nani ana cheo kikubwa katika idara wanayoitamani. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini hayagusi jambo linaloamua kwa kiasi kikubwa kama tasnifu itakamilika: ni nani atakayeisoma kazi yako sura baada ya sura na kukuonyesha palipo dhaifu kabla mtahini wa nje hajapaona? Cheo cha uprofesa ni ushahidi wa kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya. Hakikuambii kama mwaka huu ana nafasi ya kukusikiliza, wala kama mbinu anazozimudu ndizo ambazo swali lako linazihitaji.

Ni vema kwanza kutofautisha njia mbili. Katika shahada ya uzamili yenye masomo ya darasani pamoja na tasnifu, mara nyingi idara ndiyo humpangia mwanafunzi msimamizi baada ya masomo hayo, ingawa mwanafunzi aliyejiandaa huweza kupendekeza jina. Katika shahada ya uzamivu ya utafiti mtupu mambo huwa kinyume, kwa kuwa mwombaji hutakiwa kueleza mapema anachotaka kuchunguza, na idara huangalia kama inaye mtu wa kumsimamia. Mwombaji mwenye alama nzuri anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo moja tu, kwamba hakuna anayeijua mada yake. Ndiyo maana utafutaji wa msimamizi unapaswa kutangulia ujazaji wa fomu.

Mahali pa kuanzia ni swali lenyewe la utafiti. Chukua mtu anayetaka kuandika juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani, tangu mapigano ya Lugalo ya Agosti 1891 hadi kifo cha Mtwa Mkwawa mwaka 1898. Sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule ni taarifa za maofisa wa kikoloni, zilizoandikwa kwa Kijerumani na nyingine kwa mwandiko wa mkono wa zamani, na upande wa pili kuna simulizi zilizohifadhiwa na wazee wa Kalenga na vijiji vya jirani. Mwanahistoria aliyebobea katika uchumi wa Tanzania baada ya uhuru anaweza kuwa na machapisho mengi na heshima anayoistahili, lakini hatakuwa na uwezo wa kugundua kwamba umeielewa vibaya ripoti ya ofisa fulani, au kwamba umeyachukulia masimulizi ya ukoo mmoja kana kwamba ni kauli ya Wahehe wote. Mhadhiri asiyejulikana sana, ambaye amewahi kukaa na nyaraka hizo na kuwahoji wazee hao, atakufaa zaidi.

Wakati mwingine swali hudai maarifa ambayo hayapatikani kwa mtu mmoja. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha taarifa ya kima ambaye wanasayansi walikuwa hawajamwandika, yaani kipunji, aliyeonekana na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi bila kushirikiana, moja katika misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo, jingine katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimzungumzia mnyama huyo kabla ya hapo, na habari zao zilisaidia kuwaelekeza watafiti. Mwanzoni aliwekwa katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lophocebus. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mzoga wa kipunji mmoja aliyenaswa katika mtego wa mkulima, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba ana undugu wa karibu zaidi na nyani, naye akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Anayejua kumfuatilia mnyama msituni si lazima awe anajua kusoma vinasaba maabara, na mwanafunzi mwenye swali la namna hiyo hufanya busara kuomba wasimamizi wawili, mmoja kwa kila upande.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini hoja hii ya msimamizi wa pili ina uzito wa pekee. Wengi wetu husajiliwa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, ilhali takwimu tunazozitafuta ziko huku, katika mashamba ya viazi ya Njombe, zahanati za Mbeya au vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kimefanya kazi ya mbegu kwa miaka mingi, na maharage kama Uyole 84 na Njano Uyole yametoka hapo. Mjini Mbeya kipo pia kituo cha utafiti wa afya cha NIMR, kinachofahamika kwa tafiti za Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Mtafiti wa taasisi kama hizo, akiwa na sifa zinazokubaliwa na chuo chako, anaweza kuwa msimamizi mwenza anayeifahamu hali ya eneo lenyewe. Jambo hili halina budi kuidhinishwa na chuo kwa maandishi, kwa sababu msaada wa mdomo, hata ukitolewa kwa moyo mweupe, haumpi mtu mamlaka ya kupitisha sura ya tasnifu.

Sasa niseme juu ya muda, kwa kuwa ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Katika sehemu kubwa ya nyanda hizi mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Mwanafunzi wa kilimo anayetaka kufanya jaribio la mahindi yanayotegemea mvua hana budi kuwa amepanda msimu unapoanza, na kabla ya kupanda anahitaji pendekezo la utafiti lililopitishwa, barua ya utambulisho inayopelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na makubaliano na wenye mashamba. Pendekezo likikaa mezani kwa msimamizi kuanzia Septemba hadi Januari, kilichopotea si miezi minne hiyo tu, kwani mwanafunzi atasubiri mvua za mwaka unaofuata huku ada na posho vikiendelea kuhesabika. Si lazima msimamizi huyo awe mzembe. Huenda ana madarasa makubwa ya shahada ya kwanza, anazunguka kukagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, ana nafasi ya uongozi chuoni, na tayari anawasimamia wengine wengi. Kwa sababu hiyo, swali la kwamba kwa sasa anawasimamia wanafunzi wangapi halina utovu wa adabu ndani yake, mradi liulizwe kwa staha.

Habari za kweli kuhusu msimamizi hupatikana wapi? Ziko maktaba. Tasnifu hutaja jina la msimamizi katika ukurasa wa uthibitisho, na ukizipitia chache utaona anasimamia mada gani na kwa mbinu zipi. Soma pia kurasa za shukrani, kwa maana anayeshukuriwa kwa jambo mahsusi, kwa mfano kurudisha kila sura ikiwa na maelezo ya kina, ameacha alama tofauti na anayetajwa kwa sentensi ya kawaida ya heshima. Machapisho yake utayapata kupitia Google Scholar. Kisha watafute waliosimamiwa naye, hasa waliokwisha kumaliza, kwa kuwa hao husema kwa uhuru zaidi, na uwaulize mambo yanayojibika: alikuwa akirudisha sura baada ya muda gani, walipotofautiana kuhusu takwimu walimalizaje, na majina yalipangwaje katika makala waliyoichapisha pamoja. Swali la kama ni mtu mzuri halikusaidii sana.

Ukishapata jina, andika barua pepe ya ukurasa mmoja. Barua inayosema, “Naomba unisimamie, niko tayari kwa mada yoyote utakayonipa,” huonekana kuwa ni unyenyekevu, lakini anayeipokea huona kwamba kazi ya kufikiri ameachiwa yeye. Tofauti yake ni hii: “Nimesoma makala yako kuhusu ugonjwa wa bakajani kwenye viazi mviringo. Napenda kuchunguza namna wakulima wa Makete wanavyoamua siku ya kupiga dawa, kwa kuwa huko ukungu hukaa muda mrefu na sijaona kama makala iliigusa hali hiyo.” Hapo msomaji anakutana na swali, mahali na sababu, na hata akikataa ataweza kukuelekeza kwa mwenzake. Asipojibu kwa wiki mbili au tatu, kumkumbusha mara moja kwa lugha ya heshima si kosa.

Akikubali, zungumzeni mapema mtakutana kila baada ya muda gani, maoni atayatoa kwa maandishi au kwa mazungumzo, na itakuwaje akienda likizo ndefu au akistaafu. Yaandike mliyokubaliana na umtumie nakala. Uhusiano ukiharibika licha ya hayo, anza kwa kuzungumza naye mwenyewe. Ikishindikana, muone mkuu wa idara, kisha wanaosimamia masomo ya uzamili chuoni, ukiwa na tarehe ulizowasilisha sura na tarehe ulizojibiwa. Kubadilishiwa msimamizi ni utaratibu unaoruhusiwa, na ni rahisi zaidi kuufuata kabla hujaanza kukusanya takwimu kuliko baada ya hapo.