Vipepeo wengi si lazima mvua inakuja

Mbeya, Iringa na Njombe wapo wengi wanaoamini kwamba vipepeo wakijaa mashambani, mvua kubwa iko njiani. Imani hii ilitokana na watu waliotazama mazingira kwa makini, na kweli vipepeo na hali ya hewa vinahusiana. Ila kipepeo hutueleza zaidi majuma yaliyopita kuliko yajayo.

Mvua zetu kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Zikinyesha vizuri, majani huchipua na viwavi hupata chakula. Tazama mlimau wa nyumbani: kiwavi mchanga juu ya jani anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Majuma machache baadaye ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha ukuaji huo, ukame hukausha majani, na mvua ikizidi huwaangusha viwavi na kuwaletea magonjwa. Kwa hiyo hata mwaka wa mvua nyingi unaweza kuwa na vipepeo wachache.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Pita njia ileile kila juma jua likiwaka, uhesabu vipepeo. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila asubuhi. Kisha linganisha hesabu na mvua iliyotangulia, halafu na iliyofuata. Fanya hivyo misimu kadhaa, mmoja hautoshi.