Gunia la dagaa na kifurushi cha programu: dhana potofu

Mnunuzi wa dagaa aliyeko Lubumbashi haoni ulivyoanika. Anaona gunia lililotoka soko la Mwaloni, Kirumba, basi. Programu huria nayo ni hivyo hivyo: mtumiaji hukuhukumu kwa kifurushi cha msimbo anachokifungua, na wengi wetu hapa Mwanza hatukijaribu kabla ya kukiachia.

*Dhana: mfumo mpya wa kujenga programu ndio bora.*
Kujenga ni kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. Make, zana ya kazi hiyo, aliitunga Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, na bado inapiga kazi. Programu ya C yenye faili tano haihitaji zaidi ya hapo. (Ina kisirani chake: ukianza mstari wa amri kwa nafasi badala ya tabu, inagoma.) Ukitaka ijengeke na kwenye Windows, zana mpya zaidi kama CMake au Meson itakupunguzia kilio.

*Dhana: kupakua maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yako inautegemea) katikati ya ujenzi ni kumrahisishia mtumiaji.*
Mwenye faiba Capri Point hatalalamika. Wa Nansio, Ukerewe, bando likimkatikia njiani, hatajua kosa ni lake au lako. Debian, mfumo wa uendeshaji wa Linux, pia hujenga vifurushi vyake bila mtandao. Taja maktaba zinazohitajika, mfumo uzitafute kwanza kwenye mashine.

*Dhana: ukishaweka tagi (alama ya toleo), GitHub itakufungashia.*
Tovuti hiyo ya kuhifadhi msimbo itafungasha, lakini bila moduli ndogo (miradi mingine iliyounganishwa na wako) za Git, zana inayotunza historia ya msimbo. Tena Januari 2023 ilibadilisha namna ya kubana majalada hayo: yaliyomo yalibaki yale yale, hashi (namba za kutambulisha faili) zikawa nyingine, na ujenzi wa watu wengi waliokagua hashi ukavunjika, hadi badiliko likarudishwa nyuma. Fungasha kifurushi mwenyewe, ukipakie pamoja na hashi yake.

*Dhana: basi alichofungasha mtunzaji ndicho kilichomo kwenye Git.*
Hapa ndipo penye hatari. Machi 2024 msanidi programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Hati ya ujenzi iliyouwasha mlango huo, build-to-host.m4, ilikuwamo kwenye kifurushi. Kwenye Git haikuwamo. Kwa hiyo fungasha kwa namna ambayo mtu mwingine, akianzia kwenye tagi yako, atapata kifurushi kile kile hadi baiti ya mwisho: panga faili kwa majina, na muda uchukue kwenye SOURCE_DATE_EPOCH (kigezo kinachobeba muda uliouweka), si kwenye saa ya mashine.

*Dhana: kwangu inajengeka, kwa hiyo iko tayari.*
Kifungue kifurushi chako kwenye folda tupu, ujenge humo, uendeshe majaribio. Anayetumia Automake, zana inayoandaa faili za Make, amri yake ni make distcheck. Mimi niliwahi kusahau kuorodhesha faili moja tu la .h (faili la vichwa la C), kwangu lilikuwapo, kifurushini halikuwapo. Aliyenipigia simu kutoka Bukoba alianza kwa kuniomba radhi, akidhani ameharibu yeye.