Je, wajua kwa nini mkoba wa kazi wa mwalimu si faili la vyeti?

Uliza mkoba wa kazi wa kielektroniki wa mwalimu ni nini, na mara nyingi utajibiwa kuwa ni vyeti vilivyopigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu. Wengine huuchanganya na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa Tanzania wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, ambamo mtumishi wa umma huingiza majukumu yake na msimamizi wake huyapitia. Lakini cheti kinathibitisha tu kwamba mwalimu alipata mafunzo, na PEPMIS inaonyesha kazi aliyopangiwa na aliyoitekeleza. Watoto walikwama wapi, na mwalimu alibadilisha nini? Hapo vyote viwili viko kimya.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba akipeleka mzigo ghalani hurudi na stakabadhi yenye kilo na daraja. Karatasi hiyo ni ya kweli, tena ndiyo inayomlipa. Ila haisemi ni mikorosho ipi iliyoshambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, wala dawa yake ya salfa ilipulizwa lini. Aliyeyaandika hayo daftarini ndiye anayejua msimu ujao aanzie wapi. Mkoba wa kazi ni daftari hilo: mkusanyiko wa kazi za darasani pamoja na tafakuri ya mwalimu mwenyewe.

Tuseme mwalimu wa hisabati huko Newala anakuta nusu ya darasa limeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Anapiga picha madaftari matatu, majina yakiwa yamefunikwa, na kuyaweka pamoja na andalio la somo. Kisha anaandika tafakuri: watoto wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hakuna aliyegundua kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 waliyoanza nayo. Somo linalofuata anakunja ukanda wa karatasi sehemu sita. 3/6 na 2/6 zinaonekana kwa macho kuwa 5/6. Anapiga picha tena. Picha za mwanzo, maelezo, picha za baadaye: ukiondoa yale maelezo ya katikati, zinabaki picha tu. Na inapendeza sana kwamba kosa la mtoto, ambalo tumezoea kulifuta, ndilo linalogeuka kuwa ushahidi wenye thamani kuliko yote.

Wazo hili lilipata nguvu Marekani miaka ya 1980, Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipotafuta njia ya kumpima mwalimu bila kutegemea mtihani wa karatasi pekee. Teknolojia imeongeza sauti, video na msomaji wa mbali: mwalimu wa Liwale anaweza kusomwa na mwenzake wa Kilwa.

Kwenye tathmini, hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mkoba hupima pia ufundi wa kuandika, na mwalimu hodari darasani huenda asiwe hodari wa maelezo. Tena mwalimu akijua mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, atatoa alama, atachagua masomo yaliyokwenda vizuri na kuyaficha yale ya 2/5. Kwa hiyo ni busara kutenganisha sehemu mbili: moja ya kujifunzia, anayoisoma yeye na mwenzake anayemwamini, na nyingine ya kuonyesha, anayoichagua mwenyewe. Sura na majina ya wanafunzi yasiingie ovyo katika sehemu yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na watoto pia.